Albamu Iliyovunja Bendi

Kwenye kibanda cha kujazia watu nyimbo huko Kebirigo, mama mmoja mchuma chai alimpa mwenye kibanda flashi. "Niwekee tena albamu yenu ya mwisho."

Zamani mwenye kibanda aliipigia gitaa bendi ya panki, roki ya kelele na uasi. Ilivunjika mashabiki walipoikataa albamu hiyo kwa sababu ilitiwa obokano, kinubi cha wazee wetu.

"Mama, ile ilitumaliza. Chukua za kwanza, zile za kelele."

"Kelele nilipenda nikiwa na hasira. Hii ndiyo ninayoisikiliza nikichuma chai."

Aliitafuta, akaijaribu kwenye spika. Obokano ilinguruma chini ya gitaa. Panki ni kukataa kupangiwa. Bendi hii ilikataa kupangiwa hata na mashabiki.

Mpita njia alisimama. "Hao ni nani?"

Mwenye kibanda aliongeza sauti. "Ni sisi."