Mukeke wa Siku ya Mbio

Harufu ya mukeke, samaki wa ziwa letu, anayekaangwa katika mawese hunifikia hata mahali pasipo na ziwa. Nimeisikia katika kambi za wachimba madini, katika stesheni za treni, mara moja hata nikiwa kitandani na homa. Kila mara tumbo langu hufurahi kwanza, kisha moyo unasita. Mniwie radhi nikianza na chakula. Habari yenyewe ni ya mpira, lakini ilipikwa jikoni kwa mama.

Tulikaa Uvira, karibu na mdomo wa mto Mulongwe, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Kaka yangu Rubeni na rafiki yake Sadiki walikuwa na mbio kuliko vijana wote wa mtaa. Timu yetu ilikuwa inangojewa Luvungi kwa mchezo mkubwa, nayo haikuwa na winga. Kapita Yowani, msimamizi wa wapakuaji bandarini na mkubwa wa timu, alitangaza kwamba Jumapili baada ya misa angewakimbiza wote wawili kwenye mchanga laini wa pwani. "Anayekimbia juu ya mchanga," alisema, "kwenye majani ataruka." Mimi nilikuwa nimekwisha kujisifu shuleni kwamba winga ni kaka yangu. Kujisifu ndilo somo pekee nililofaulu pale.

Wiki ile alikuja mgeni mwenye nguo za kaki. Alikalia kiti kilichotoka kwa chifu, akatazama mazoezi bila kupiga makofi. Nilimshangaa, maana mpira ulipokwenda huku, macho yake yalibaki kule, kwenye miguu ya vijana. Siku moja aliwaita Rubeni na Sadiki, akawabonyeza mapaja, akawafungua midomo kutazama meno, kama mnunuzi wa ng'ombe kule Luberizi. Watu walisema ni mpenzi wa mpira kutoka Bukavu.

Nilipomsimulia mama habari ya meno, kisu chake kilisimama juu ya samaki.

"Alicheka?" aliuliza.

"Hapana, mama."

Mama alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyeondoka wakati wa vita, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu.

Jumapili hakwenda misa. Tuliporudi tulimkuta amepika bugali wa muhogo, mlima mzima, na mukeke wanono wanaoogelea katika mawese. Nyumba yetu haikujua chakula cha namna ile ila Noeli.

"Mama, nikimaliza hii yote nitakimbia namna gani?" Rubeni alilalamika.

"Kula, mwana wangu. Njaa ndiyo inaangushaka bantu."

Alisimama juu yake mpaka sahani ikabaki nyeupe, kisha akampa kikombe kikubwa cha maji. Kilipokwisha, akakijaza tena. Nilidhani ni furaha.

Pwani upepo ulikuwa umekata kabisa. Ziwa lilikuwa limelala, lenye rangi ya risasi, na milima ya ng'ambo haikuonekana. Mgeni alikuwa kwenye kiti chake. Kapita alipiga filimbi, na Rubeni akatangulia, miguu yake ikirusha mchanga. Nilipiga kelele hadi koo likaniuma. Walipofika kwenye nyavu zilizoanikwa, akashika ubavu. Akapunguza. Akainama, na mukeke wote wa mama wakatoka.

"Ee Rubeni! Hiyo mimba iko ya miezi ngapi?" walimtania, na pwani nzima ikacheka.

Mgeni alimtazama Rubeni kidogo, akatema mate, kisha akamwendea Sadiki na kumwuliza jina la baba yake. Kapita alimvika Sadiki jezi ya winga. Mama Sadiki, jirani yetu, alipiga vigelegele. Mama yangu aliyafuta matapishi mdomoni mwa mwanawe kwa kitenge chake, bila kutazama upande ule.

Rubeni alikaa siku nyingi bila kumsemesha mama. Mimi pia. Tulimwona mama mbaya.

Timu ilirudi kutoka Luvungi juu ya lori la pamba, ikiimba ushindi. Wimbo ulikatika walipomwona Mama Sadiki amesimama barabarani. Kapita alishuka akiwa na jezi mkononi, imekunjwa vizuri.

"Bamemuchukua ku basoda, ku jeshi, mama," alisema. "Chifu ameshakubali."

Tangu siku ile, kila Jumapili mama alikaanga mukeke na kunituma nipeleke sahani kwa Mama Sadiki, ambaye alijibu daima, "Mungu akubariki, Mama Rubeni." Mama yangu mwenyewe hakumwonja tena samaki yule.

Niliacha shule, nikaanza kuzurura, na kila kambi niliyopita niliuliza habari za Sadiki. Sikumpata. Nilimpata askari mmoja mzee aliyenieleza jinsi walivyotafuta vijana: walikwenda penye mpira, maana pale miguu hujionyesha yenyewe. Wenye tumbo bovu waliwaacha. Yeye mwenyewe alichukuliwa hivyo, wakati wa vita.

Nikarudi Uvira. Mama alikuwa jikoni, amezeeka, sahani ya jirani iko tayari. Nilimwambia kwamba sasa nimeelewa, na kwamba aliyemchagua Sadiki ni Kapita, si yeye.

Alifunika sahani kwa kitambaa, taratibu.

"Kapita hakuchagua kitu," alisema. "Nilichagua miye. Peleka, isipoe."