Kifaa Kisicho na Jina

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, saa tisa mchana, jua linawaka.

Mie naandika programu za kompyuta kwa ufundi uleule wa kutengeneza tovuti. Zahanati moja ya Goba iliniita niunganishe mzani wa vichanga na kompyuta yao, uzito uwe unajiandika wenyewe kwenye skrini. Sasa, programu za aina hii zina adabu. Kabla ya kugusa kifaa chochote hufungua kidirisha na kuuliza, kipi kiruhusiwe? Nesi Mwajuma akakichoka. "Kaka, kila mtoto naulizwa. Kitoe bwana." Nikakitoa, nikaiagiza programu ipokee chochote kitakachobisha hodi. Uvivu tu, sina cha kujitetea.

Siku hiyo nilirudi kubadilisha waya. Mzani nilikuwa nimeupakata, umechomolewa. Akaingia mama mmoja na kichanga kilichofunikwa kanga. Akakilaza mezani, pale mzani unapokaa siku zote. Niamini, skrini ikaanza kusoma. Kilo mbili na nusu, mara mbili nukta nane, namba zinacheza, hazitulii. Kwenye orodha ya vifaa palikuwa na kimoja tu, hakina jina.

"Kilo ngapi?" yule mama aliniuliza kwa upole.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliogopa, nikabonyeza kitufe cha Ondoa. Namba zikafutika. Mama akaniangalia kidogo, akambeba mwanawe, akatoka.

Nesi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dawa, machozi yanamtoka. "Yule alijifungulia hapa," akasema. "Walizikwa wote wawili. Mtoto hata hatukuwahi kumpima."

Si unajua kwetu mtu akijifungua anavyoulizwa? Mtoto gani, kilo ngapi. Yule mama hakuwa na la kujibu. Ndilo pekee alilolifuata, na mie nikamnyima. Inaniuma mpaka sasa.

Kidirisha nilikirudisha jioni ileile. Hadi leo kikifunguka, juu ya jina la mzani wetu pana mstari mtupu, na nesi huuruka, akachagua mzani.

Basi wewe unayeandika programu, usilifute lile swali eti linachosha watu. Na kama umeshalifuta, mgeni akaingia, jikaze umpe alichokifuata. Mie sikujikaza. Dada yangu amejifungua mwezi uliopita, nikampigia kumpa hongera, nikakata simu bila kumuuliza mtoto ana kilo ngapi.