Bachuli na Maua ya Nanda

Wanawake wengine huwaonea wivu wake wenza. Jirani yangu Bachuli alimwonea wivu mungu. Nanda, mungu wetu wa kike, ni binti wa kijiji hiki aliyeolewa huko juu kwenye theluji. Kila mwaka mvua zinapopungua tunamwita nyumbani kwa wazazi, tunamlisha, kisha tunamsindikiza kwa machozi. Bachuli yeye, tangu mama yake afe, kaka yake hakuja kumwita hata kwa sikukuu moja.

"Huyo Nanda ana nini nisicho nacho?" aliniambia tukikata majani ya ng'ombe. "Naye si kaolewa tu kama mimi?"

"Hebu nyamaza, utatuletea mvua ya mawe!"

Mwaka ule mumewe Kundan ndiye aliyetumwa kuchuma brahmakamal, yale maua meupe ya kwenye miamba ya juu. Huendewa miguu mitupu, na hakuna anayeyanusa kabla ya Nanda. Alirudi na kapu limejaa, nyayo zimepasuka zinatoka damu. Bachuli akamwosha. Wifi yake Paruli, dada wa Kundan aliyeitwa nyumbani kwa sikukuu, alikuwa amejinyoosha karibu na jiko.

"Wifi, chai bado? Mwenzio nimetembea. Au na wewe kwenu wamekuita, unafunga mzigo?" Akacheka.

Wivu ulimpanda Bachuli kichwani. Aliliendea kapu, akatumbukiza uso mzima ndani, akavuta pumzi mpaka mabega yakainuka.

Paruli alipiga yowe, tukajaa uani. Mama mkwe alijipiga kifua. "Umempa mungu makombo! Mtoto usiyefunzwa wewe! Chukua uchafu wako upeleke kwenu!"

Lilikuwa tusi tu, sote tulijua. Bachuli akajifuta pua. "Nimesikia, mama," akasema, akalibeba kapu mgongoni, akashika njia ya bondeni kwenda kwa kaka yake.

"Kundan, mrudishe!"

Kundan alizitazama nyayo zake. "Umemtuma mwenyewe, mama. Mimi nina mlima wa kupanda tena."

Sisi wake wa nyumba za jirani tulisimama ukutani. Tulipaswa kumlaani. Nilitazama mgongo wake ukishuka, maua yakichungulia kapuni. Kwetu mimi ni nyuma ya vilima viwili tu, wala sijaitwa. Sijawahi kumwonea mtu kijicho kama nilivyomwonea Bachuli siku ile.