Katekista na Dhahabu ya Mjerumani

Mwalimu Anisia wa Masumbwe alikuwa na ulimi ambao hata paroko aliuogopa. Jumapili moja, baada ya misa, alimsubiri mlangoni akamwambia mbele ya watu, "Baba, leo Mungu amekusikia, ila Kiswahili kimelala njaa." Paroko akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, na pia kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Robo ya watu waliokuwa wamesimama pale walifundishwa kuandika na mama huyo, na wote walijua jinsi ilivyo kuitwa mbele ya ubao.

Alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Bukombe na Mbogwe mpaka akastaafu. Mume wake alikuwa ameshafariki, na binti yake, Elieth, alikuwa muuguzi Kahama. Wastaafu wenzake, mimi nikiwa mmoja wao, tulifuga kuku. Wengi wa kuku hao walikufa kwa kideri. Anisia yeye alikaa barazani akaandika riwaya.

Riwaya yake haikuwa na damu hata tone. Katika kigango kimoja cha Usumbwa, ufunguo wa tabenakulo, kile kijumba cha Ekaristi, unapotea. Hakuna kilichoibwa, mlango haujavunjwa, ufunguo tu haupo. Sista mmoja anapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Anaketi jikoni, anachambua mchicha na akina mama, anasikiliza. Watu wanashukiana, majirani wanaacha kusalimiana, mganga anasingiziwa, na mwisho Sista anagundua kwamba aliyeuchukua ni katekista mzee, mtu aliyewafundisha wote sala. Kwa nini? Kwa sababu asubuhi moja alipiga goti mbele ya tabenakulo akahisi amepigia goti kabati.

Basi. Hiyo ndiyo siri yote. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikaa muda mrefu bila kuwasha redio.

Kitabu kilichapwa Mwanza, nakala chache, kikawekwa kwenye duka la vitabu la kanisa katikati ya rozari na kalenda. Huko ndiko alikokinunua Praful, mfanyabiashara wa Geita anayewauzia wachimbaji pampu, kamba na kofia ngumu. Praful alizaliwa Geita na anapatana bei kwa Kisukuma bila kigugumizi, na kila mteja wake anajua kwamba ukimkuta na kitabu itabidi umsubiri amalize ukurasa. Praful ndiye aliyemsimulia Kamili.

Kamili Masele nitamweleza kwa ufupi, maana mwenyewe anajieleza kwa urefu. Ni kijana wa Ushirombo aliyekaa Dar es Salaam kidogo akarudi na miwani ya jua na droni. Alikuwa akipiga picha za harusi, halafu video za wanamuziki wa Kahama wanaocheza mbele ya magari yasiyo yao. Siku moja alifika Masumbwe akajitambulisha kuwa mwongozaji wa filamu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua miwani, nione macho ya mtu ninayezungumza naye."

Akavua. "Mwalimu, kitabu chako ni moto. Nimekiona."

"Umekiona au umekisoma?"

"Nimesimuliwa."

Kwa jibu lile angemfukuza. Mtu yeyote aliyemjua angeapa kwamba atamfukuza. Lakini alimkaribisha chai, na hapa simtetei. Alitaka. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwacheka watu wanaopenda kuonekana, naye alitaka kuonekana. Alitaka kumwona Sista wake akitembea kwenye kioo kikubwa. Alisaini mkataba palepale mezani, na jioni alinipigia simu kuniambia, kwa sauti ya msichana, kwamba kitabu chake kinakwenda kuwa picha.

Kikao cha kwanza kilifanyika Geita, kwenye bohari la Praful, aliyekubali kuigharamia picha, katikati ya mabomba. Nilimsindikiza. Kamili alikuja na vijana wa kamera na alikuwa na swali moja tu lililomsumbua.

"Mwalimu, ule ufunguo unafungua nini?"

"Tabenakulo."

"Sawa. Lakini kweli kweli, unafungua nini?"

"Tabenakulo, mwanangu. Ndimo inamowekwa Ekaristi."

"Ndiyo, naelewa, hata mimi ni Mkatoliki. Lakini mtazamaji wa Geita, Mwalimu, anataka kitu."

"Mungu si kitu?"

Kamili akawatazama vijana wake kama mtu aombaye msaada. "Mungu yupo, sikatai. Lakini haonekani kwenye kamera."

Wakatafuta kitu. Hawakutafuta mbali. Ukanda huu wote, kuanzia Shinyanga hadi ziwani, una wazee wanaoapa kwamba Mjerumani alipokimbia alizika dhahabu, na una vijana waliochimba mpaka makaburi ya babu zao wakiitafuta. Kabla chai haijapoa ikaamuliwa kwamba chini ya altare kuna pango, ndani ya pango kuna masanduku ya Mjerumani, na ufunguo unafungua pango. Katekista akawa mkuu wa frimasoni, mwenye chatu. Sista akapewa mateke.

"Mateke?" Anisia aliuliza.

"Ya karate. Kabla ya utawa alikuwa komandoo."

Anisia alimgeukia Praful. "Baba Nikhil, wewe umekisoma kitabu. Sema kitu."

"Nimekisoma mpaka mwisho, Mwalimu," Praful akajibu. "Nililia. Mke wangu Gulnar aliniuliza nani amekufa." Akatazama mabomba yake. "Lakini nani atakuja kumtazama mzee anayetilia shaka? Mchimbaji anatoka kwenye shimo la duara na vumbi puani. Anataka bunduki."

Katika watu wote wa mkasa huu, huyo ndiye ninayemdharau zaidi. Kamili hakujua alichokiharibu, na mjinga ana kisingizio. Praful alijua. Alilia, akafuta machozi, akaagiza chatu.

Parokia zote zilikataa kupigiwa picha, na zilifanya vyema. Wakajenga kanisa bohari mle mle, kwa mbao za kukodi na maua ya plastiki. Tabenakulo lilikuwa sanduku la vifaa lililopakwa rangi ya dhahabu. Sista alichezwa na Scolastika, mwanafunzi wa zamani wa Anisia, aliyekuwa na saluni mjini. Wa kumcheza katekista walimtafuta mpaka wakamwona Mzee Bujiku, mchimbaji mstaafu aliyekonda kama fito, mwenye mguu ulioumizwa na kifusi. Bujiku si Mkatoliki wala si wa dhehebu lolote. Walimchukua kwa sababu ya mashavu yake yaliyobonyea.

Anisia alikwenda kutazama, na kila siku alirudi na kisa. Siku ya kwanza Sista alimpiga teke mlinzi, shela likamvuka, likaonekana wigi jekundu. Kamili akasema liachwe hivyo hivyo, lina mvuto. Siku nyingine chatu, aliyekodiwa kwa watu wa ngoma, alilala akakataa kuamka, wakamtikisa kwa fimbo ya ufagio ili aonekane ana hasira. Anisia alisimulia haya huku akicheka kwa namna ambayo Elieth, aliyekuwa amekuja likizo, hakuipenda. "Mama, usiende tena," alimwambia. Lakini alikwenda.

Na kwa kweli alipata asubuhi moja. Droni ilikuwa imekwama juu ya mkaratusi, na vijana wote walikuwa nje wakiirushia mawe. Scolastika, ambaye alikuwa amekisoma kitabu kati ya wateja wa saluni, akavaa shela lake vizuri akasema, "Kamili, nifanye ukurasa mmoja jinsi Mwalimu alivyoandika. Usipokubali, hilo teke la pangoni utalipiga mwenyewe."

Kamili akakubali, si kwa ajili ya sanaa, bali kwa sababu hakuwa na la kufanya mpaka droni ishuke.

Wakaketi kwenye benchi, Sista na katekista. Bujiku alikuwa amesomewa maneno yake mara kadhaa. Akaulizwa kwa nini. Akaukunja ule mguu mbovu, akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi nzito ya Kisukuma:

"Nilidhani nikificha ufunguo, Mwenyewe ataniuliza. Hakuniuliza. Umeniuliza wewe."

 Vijana walioingia na droni iliyovunjika bawa walisimama mlangoni. Scolastika hakujibu kitu, kama ilivyo kitabuni; alisogea tu karibu naye kwenye benchi. 

Kwa ajili ya ile asubuhi alisamehe mengine yote. Chatu, wigi, Mjerumani. Alikwenda kwenye uzinduzi amevaa gauni jipya, na sisi jirani zake tukampakia kwenye gari kama bibi harusi.

Ukumbi wa Geita ulijaa. Kulikuwa na wanunuzi wa dhahabu na mikufu yao, na waendesha bodaboda waliopaki mpaka barabarani. Picha ilianza kwa mlipuko. Ikaendelea kwa mlipuko. Jina la duka la Praful lilionekana mara nyingi kuliko msalaba. Watu walipiga miluzi Sista alipomrusha frimasoni mmoja dirishani, na wakasimama kabisa masanduku ya Mjerumani yalipofunguka na matofali yaliyopakwa rangi yakang'aa.

Kisha ikaja benchi. Anisia alinishika mkono. Bujiku akaonekana, akaukunja mguu, akafungua kinywa, na kwenye spika ikatoka sauti ya mtu mwingine kabisa, nene, yenye mwangwi: "Hahahaaa! Dhahabu yote ni yangu!" Radi ikapiga. Macho yake yalikuwa yametiwa wekundu kwa kompyuta.

Ukumbi ukashangilia. Anisia akaachia mkono wangu. Nilidhani atatoka, lakini alikaa mpaka taa zikawashwa, mpaka Kamili alipopanda jukwaani kumwita "mama yetu, chimbuko la hadithi." Alipanda. Akapokea kipaza sauti.

"Nimefundisha watoto wengi wasiojua kusoma," alisema. "Hakuna aliyewahi kudai nimpigie makofi kwa ajili hiyo." Akamrudishia Kamili kipaza sauti, akashuka. Watu wakapiga makofi. Walidhani anashukuru.

Picha ilipendwa. Mabanda ya video yaliionyesha kuanzia Geita hadi Buzwagi, na watoto wa Masumbwe wakaanza kumwita Mama Frimasoni. Halafu halmashauri ya walei wa parokia ikamwita. Mwenyekiti, Benedict, mtu wa suti mbili na semina nyingi, alimwambia kwamba waamini wamekwazika, makatekista wamedhalilishwa, na angefanya vyema aombe radhi madhabahuni.

"Nani kati yenu amekisoma kitabu?" Anisia aliuliza.

 Mmoja alisema ameona trela.

"Basi niombe radhi kwa kuwa hamkusoma, au kwa kuwa mliangalia?"

"Mwalimu, hapa si darasani," Benedict akasema.

"Naona. Darasani kuna wanaojaribu."

Akaondoka. Hakuomba radhi, naye Benedict hakurudia ombi hilo. Lakini ile jumuiya aliyosali nayo tangu alipoolewa ilianza kusahau kumwambia wiki hiyo wanasali nyumbani kwa nani. Hilo lilimuuma kuliko chatu. Aliacha kukaa barazani. Kamili alipompigia kuhusu sehemu ya pili, Sista akiwa Afrika Kusini, hakumtukana hata kidogo. Alikata simu tu, na hapo ndipo nilipoogopa. Anisia asiyetukana alikuwa mgonjwa.

Siku moja mchana, nikiwa nimempelekea mayai ya kuku wangu wachache waliosalia, Mzee Bujiku alifika uani akiuvuta mguu wake mbovu. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Geita.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila. Umefuata nini? Kama ni Kamili amekutuma, geuza."

"Nduhu, hajanituma mtu." Akaketi bila kukaribishwa. "Waliniambia maneno ya pale kwenye benchi tu. Sikuambiwa ikawaje. Yule mzee, Mungu alimjibu?"

 Anisia akaingia ndani, akatoka na kitabu, akamsomea sura ya mwisho. Sauti yake ilianza imekauka, kisha ikakaa sawa. Katika sura hiyo ufunguo unakutwa juu ya altare Jumapili asubuhi, Sista hamtaji mtu, na katekista anaendelea kufundisha watoto sala, bila sisi kujua kama anaamini.

Bujiku alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliposikia kimekwisha, akasema, "Mwisho mbaya."

"Nini?"

"Huyo sista alimwonea. Mtu amekwambia jambo kubwa hivyo, wewe unanyamaza? Angemjibu."

"Kunyamaza kwake ndilo jibu!"

"Ndivyo wanavyosema wasiokuwa na jibu."

"Wewe mzee umeshinda maisha yako yote shimoni. Umeanza lini kufundisha watu kuandika riwaya?"

"Sifundishi, Mwalimu. Lakini katekista nilikuwa mimi, na pale kwenye benchi nilimsubiri aseme kitu."

 Anisia akaanza: kwamba Bujiku hana sikio, kwamba hajui tofauti ya fumbo na uzembe, kwamba watu kama yeye ndio wanaomfanya Kamili ale. Alimshambulia bila kupumua, uso umechangamka, mikono hewani. Bujiku alitikisa kichwa tu akarudia kwamba angemjibu.

Niliingia jikoni kuwakaangia mayai. Niliporudi, Anisia alikuwa ameshika kalamu, anapigapiga ukurasa wa mwisho kwa hasira.

"Haya, mwerevu," alikuwa akimwambia. "Angemjibu nini?"