Programu ilikuwa inakufa kila tukianza kitabu cha mazishi: yaliyonikuta Kiriaini

Wakuu, habari za leo. Jazeni vikombe kwanza maana hii si fupi. Sitaongeza chumvi mahali popote, na zile sehemu ambazo zinaniaibisha pia nimeziacha humu humu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Nyeri town. Miaka tisa nafungua mashine za watu. Nasema hivyo ili mjue sikuanza jana, na mjue pia nilivyokuwa nimejaa kiburi siku hiyo.

Alhamisi moja saa tatu asubuhi napigiwa simu na mama anaitwa Wairimu. Ana duka la kuchapisha pale Kiriaini. Anafanya kadi za harusi, mitihani ya shule, mabango, na hasa vile vitabu vya mazishi.

Walio huku kwetu mlimani wanajua. Hakuna mtu anazikwa bila kitabu. Picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada, historia ya maisha, watoto na wajukuu wote kwa majina, halafu kurasa za picha. Ukisahau mjukuu mmoja utaulizwa mpaka Krismasi.

Sasa Wairimu ananiambia programu yake ya kupanga kurasa inamfia. Inaandika kwamba leseni haitambuliki kwa kompyuta hii, halafu inajifunga hapo hapo bila kuuliza kama ume-save.

"Na inakufa tu nikifanya kitabu ya mazishi," akasema. "Harusi iko sawa. Mitihani iko sawa. Ikiwa ni matanga, inakataa."

Wakuu, nilicheka. Kwa simu. Yeye hakucheka.

Akanieleza kwamba wiki tatu nyuma alikuwa anatengeneza kitabu cha mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Programu ikafa mara kumi na kitu. Vitabu vilifika kaburini watu wakiwa tayari wanatupa udongo. Mji ule ni mdogo. Tangu siku hiyo familia mbili zimempita mlangoni zikaenda kwa wengine.

Na kesho, Ijumaa, kuna mazishi ya mama mmoja mzee wa pale kijijini. Vitabu mia tatu. Akikosa hii, anafunga duka. Aliacha kazi ya ukarani wa shule kwa ajili ya hilo duka, na nafasi yake ilishachukuliwa.

Nikabeba begi nikaenda.

Nilipofika Kiriaini sikuliona duka, nikampigia. Akatoka nje na simu sikioni, akinipungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara. Hapo mkumbuke tu kwamba alitoka na simu.

Nilivyoingia, swali langu la kwanza lilikuwa, "Hii ni crack ulipewa na nani?"

Sikumsalimia vizuri hata. Nilishaamua. Leseni ikisumbua, kwa akili yangu, mtu ametumia programu ya wizi.

Wairimu alifungua droo taratibu akatoa faili. Ndani kuna risiti, email ya kampuni, namba ya leseni, kila kitu kwenye karatasi ya plastiki. Leseni halali kabisa, imelipiwa mwaka mzima.

"Fundi wa kwanza aliniita mwizi. Wa pili pia," akasema. "Wewe ni wa tatu."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaomba msamaha, lakini ule msamaha wa haraka haraka wa mtu anayetaka kuendelea na kazi.

Hao mafundi wawili walifanya nini? Kila mmoja alifuta programu, akaiweka upya, aka-activate upya. Leseni yenyewe inakubali activation nne tu, yaani kuwashwa mara nne, na ya kwanza ilienda siku ya kununua. Kwa hiyo ilibaki moja. Ukiichoma hiyo na shida ikabaki, umekwisha, labda kampuni ikuhurumie, na kampuni iko ng'ambo na inajibu email ikijisikia.

Nikaketi. Nikafungua kadi ya harusi. Ikafunguka vizuri.

Nikafungua kitabu cha mazishi cha kesho, kurasa kumi na sita. Kikafunguka vizuri! Nikasogeza picha, nikabadilisha maandishi, nika-save mara tano. Hakuna kitu.

Nusu saa nzima mashine inanitii tu.

"Ndio hivyo," Wairimu akasema kwa uchovu. "Fundi akikuja inakuwa mzuri. Akienda inakufa."

Kumbe wamama wa kanisa lake walikuwa wameshakuja kuiombea hiyo kompyuta. Mmoja akaipaka mafuta. Mafuta ya kupikia, wakuu. Keyboard ilikuwa inateleza na herufi mbili zilikuwa zimekwama. Sisemi kitu juu ya maombi, mimi pia nimelelewa kanisani, lakini keyboard niliifuta.

Saa sita hivi mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kuifuta programu na kuiweka upya. Niseme ukweli: sikuwa na sababu. Nilitaka tu kuonekana nafanya kitu.

Hapo ndipo akaingia mzee mmoja na koti lake la suti na gumboots. Baba Ndirangu. Ndiye alikuwa amefiwa. Mama Ndirangu ndiye wa kuzikwa kesho.

Wairimu akamwekea kiti akamwonyesha ukurasa wa mbele kwenye kioo. Mzee akaangalia kidogo, akatingisha kichwa.

"Hapana. Hiyo picha ni ya kipande, ya kitambulisho. Hapo amekasirika. Bibi yangu hakukuwa mtu ya kukasirika."

"Ndiyo tuko nayo peke yake, Baba Ndirangu," Wairimu akamwambia kwa upole.

"Ndirangu ako na ingine. Alipiga akikuja likizo. Mama yake ako na kikapu ya majani, anacheka. Mimi nilimwoa akichuma chai. Hiyo ndio nataka watu waone."

Ndirangu ni kijana wake, yuko Qatar, hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Alikuwa ameituma hiyo picha kwa group ya kamati ya mazishi, ambayo Wairimu pia yumo, dakika chache tu zilizopita. Nilimwangalia yule mzee na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaacha kufikiria juu ya jina langu.

"Sawa, ngoja niitoe," Wairimu akasema.

Akachukua simu yake, akaichomeka kwa kompyuta na cable, akawasha tethering ili apate internet, akafungua ile group kwenye kompyuta.

Programu ikaandika leseni haitambuliki. Ikajifunga.

Wairimu akashika kichwa. "Umeona sasa? Umeona?"

Mzee akauliza pole pole, "Imekataa Mama Ndirangu?"

Lakini mimi nilikuwa nimesimama. "Wairimu, toa hiyo simu."

Akaitoa. Nikafungua programu. Ikafunguka, haina neno.

"Irudishe."

Akairudisha na tethering yake. Ikafa.

"Toa."

Ikafunguka.

Tulifanya hivyo mara nne, na ya nne nilikuwa napiga kelele kama mtu ameona goli. Wa duka la jirani alikuja kuchungulia mlangoni.

Kwa wale ambao si mafundi, naeleza kidogo. Leseni za aina hii hujiwekea alama ya kuitambua kompyuta yako. Zinasoma vipande vya ndani, kwa mfano disk na network card, kile kipande cha mtandao, kisha zinaandika kwamba mashine ya Wairimu ni hii. Sasa ukichomeka simu na kuwasha tethering, kompyuta inaihesabu simu kama network card nyingine mpya. Simu ilikuwa inaruka foleni na kukaa mbele, programu inaisoma hiyo kwanza, inaona mashine ngeni, inajifunga.

Kwa nini mazishi peke yake? Mitihani inaletwa na mwalimu kwa flash. Harusi, bibi na bwana harusi wanakuja wenyewe na flash. Lakini mtu akifa, picha zake zimetapakaa kwa simu za ukoo mzima, kutoka Nairobi mpaka Qatar. Lazima zipitie group. Na Wairimu hakuwa na internet nyingine pale dukani zaidi ya simu yake na ile cable.

Na kwa nini mafundi walikuwa hawaoni shida? Kwa sababu kila fundi akifika anapiga simu kuelekezwa dukani. Wairimu anachomoa simu yake, anatoka nje kutupokea. Tunaingia na kompyuta imeshapona. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiponya kutoka upande wa pili wa barabara bila kujua!

Dawa ilichukua dakika tatu. Tulizima tethering, tukai-save picha ndani ya simu yenyewe, kisha tukachomeka cable kwa kuhamisha mafaili tu. Picha ikaingia. Programu haikutikisika. Activation ya mwisho haikuguswa.

Picha yenyewe sasa. Mama amebeba kikapu mgongoni, kamba kichwani, mikono yote miwili imejaa majani, anacheka na pengo lake la mbele bila kujificha. Wairimu akaiweka ukurasa wa mbele, kubwa.

Baba Ndirangu alikikaribia kioo mpaka pumzi yake ikaweka ukungu pale.

"Huyo sasa ndiye," akasema. Akakaa hapo hapo, akakataa kwenda nyumbani mpaka kitabu cha kwanza kitoke.

Mimi nikawa wa kukunja, Wairimu wa kuprinti, mzee wa kupiga stapler. Saa kumi na moja jioni vitabu mia tatu vilikuwa kwenye maboksi. Sijawahi kufurahia kazi hivyo tangu nianze hii biashara.

Kesho yake nilienda mazishi. Sikuwa nimealikwa, lakini huku kwetu mazishi hayana mwaliko. Kila mtu ana kitabu mkononi, na watu wanacheka kidogo na kulia kidogo wakiangalia lile pengo. Mchungaji mwenyewe alikiinua juu akasema, "Leo Mama Ndirangu ametusalimia."

Wairimu alikuwa amesimama nyuma karibu na jikoni. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu changu. Pale chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na jina la duka lake. Jana asubuhi kwenye kioo jina hilo halikuwepo. Nikamuuliza.

Akaniambia tangu yale mazishi ya mwalimu mkuu alikuwa ameliondoa kwa kila kazi, kwa aibu. Alilirudisha jana jioni, kabla tu ya kuprinti.

Wamama wawili walimfuata pale pale jikoni kumuuliza kama yeye ndiye mwenye hilo duka. Akasema ndiyo. Alisema kwa sauti.

Niliiandikia kampuni baadaye nikiwaeleza kila kitu. Walijibu baada ya siku nne, wakakubali ni kasoro yao, na wakarudisha zile activation mbili zilizochomwa bure.

Somo langu wakuu: leseni ikisumbua, usianze kufuta na kuweka upya. Mwambie mteja akae kwenye kiti chake afanye kazi kama anavyofanya siku zote, na simu yake, na cable zake, na wateja wake. Wewe simama nyuma unyamaze. Alikuwa ameniambia ukweli wote kwa simu, kwamba inakufa kwa mazishi peke yake, na mimi nikacheka.

Mafundi wenzangu, nyinyi mmewahi kumuita nani mwizi kabla hamjamuomba risiti? Semeni hapa chini, msiogope, mimi nimeshatangulia.

Na Wairimu, najua unasoma huu uzi kwa sababu ni mimi nimekutumia link. Ile pole ya siku ile ilikuwa ya haraka. Hii ndiyo yenyewe.