Mti Niliofunga kwa Shina

Mpaka leo nikiona mtu anakokota kuni kwenda nyumbani, shina mbele na matawi nyuma, nageuza uso. Hivyo ndivyo kila mtu anavyokokota mti. Hata mimi nimekua nikijua hivyo, na ndiyo sababu sikumwona mama.

Nilikuwa dereva wa lori la shamba la chai, huku juu Kericho. Shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini usukani niliujua upesi, na moyoni nilijiona mtu mkubwa kabisa. Kila siku ya soko tulishuka Soin kuchukua mahindi ya posho. Barabara ile ilikuwa njia ya ng'ombe iliyopanuliwa kwa jembe, imejishikiza ubavuni mwa mlima kama kupe. Upande mmoja udongo mwekundu, upande wa pili hewa tupu. Breki peke yake hazikuweza. Kwa hiyo, kabla ya kuanza mteremko, tulikata mti wenye matawi mengi tukaufunga nyuma ya lori kwa mnyororo. Ncha ya mti ndiyo inafungwa, shina linabaki nyuma. Hapo matawi yanaelekea mbele na kuchimba ardhi, kama kumpapasa paka kinyume cha manyoya, na lori linatulia. Tukifika chini tunauacha mti, na kina mama wa Soin wanagawana kuni.

Mama yangu alikaa kule ziwani, chini zaidi ya Soin, na sikuwa nimemwona tangu nije kazini. Nilimtumia salamu kwamba sasa naendesha gari. Akajibu kwa mdomo wa mtu wetu mmoja: "Huyo hata mbuzi zilikuwa zinamshinda! Mwambie siku ya soko nitakuja Soin na wenzangu wa samaki. Nitaamini nikiona."

Basi sikulala vizuri wiki nzima. Nilishapanga kila kitu. Nitamketisha mbele, kando yangu, nimzungushe soko mara mbili, na mara ya pili nipite pole pole ili wale wenzake wamwone vizuri.

Siku yenyewe mwenzangu wa garini, Mkipsigis mmoja aliyenizidi umri, alinitazama akacheka. Yeye aliniita weri, yaani kijana kwa lugha yao.

"Weri, leo umeoga mpaka masikio. Unaenda kuoa?"

"Naenda kuonwa na mama."

"Basi pole pole. Mama hataki kuletewa maiti."

Akakata mti, kisha akaenda mtoni kuchota maji ya rejeta. Mimi sikuweza kungoja. Wenzake mama wangeondoka jua likianza kuinama, na yeye hangebaki peke yake. Nikaufunga mti mwenyewe. Mikono yangu ilifanya kama ilivyozoea nyumbani: nikafunga shina. Mwenzangu aliporudi alipanda tu, hakuangalia.

Kona ya kwanza tulipita. Ya pili lori likaanza kukimbia.

"Weri, mti!"

"Upo!"

"Umefungaje?"

Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mti ulikuwa unateleza nyuma yetu kama ulimi, na breki zilinuka moto. Kona ya tatu nikaelekeza lori kwenye udongo, mlima ukatudaka. Ekseli ikalia kama chungu kinachovunjika, ikakatika.

Tulikuwa wazima. Mwenzangu akashuka, akazunguka nyuma, akacheka mpaka akaketi chini. "Umefunga kama mtu anapeleka kuni kwa bibi yake!" Ndipo akaona uso wangu, akaacha.

Chini kabisa, sokoni Soin, bati la duka lilikuwa linametameta, na watu wadogo kama siafu. Mbele zaidi, ziwa, uzi mweupe tu. Mmoja wa wale siafu alikuwa mama. Nikaminya honi, ile ya mpira, nikaminya mpaka vidole vikauma.

"Kimbia," mwenzangu akasema. "Mimi nalinda gari."

Nilikimbia. Nilipofika, soko lilikuwa linafungwa. Mhindi mwenye duka akanitazama shati lililojaa vumbi.

"Wewe ndiyo dereva? Mama yako ngoja sana. Halafu honi nalia huko juu, yeye simama, onyesha watu yote, sema, 'Huyo wangu!' Cheka, cheka. Ngoja tena, gari hapana fika. Wenzake vuta yeye mkono."

Akanipa samaki wakavu alioniachia mama, wamefungwa kwenye majani. Yale majani yalikuwa bado na unyevu. Nikakimbia tena, njia ya ziwani, mpaka mto wa kwanza. Kwenye tope kulikuwa na nyayo nyingi za wanawake. Zake sikuzijua ni zipi.

Bwana wa shamba alininyang'anya usukani. Sasa kazi yangu ni kukata miti juu ya mteremko na kuifunga, kwa ncha, naangalia mara tatu. Dereva mpya anashuka na mwenzangu, mimi nabaki na ukungu. Ruhusa ya kwenda nyumbani sitapata kabla mvua hazijaisha. Lakini mama bado huja Soin siku ya soko, na mwenzangu huniletea habari.

"Weri," aliniambia wiki iliyopita, "mama yako hata dereva hasalimii. Nilimwambia mti unaufunga wewe, sasa anakuja moja kwa moja nyuma ya gari. Amenusa mti wako, anasema una baridi. Halafu amevunja tawi moja, ameweka juu ya kapu."

"La kuni?"

"Kuni gani? Bichi kabisa! Sijui atapika nini na hiyo."

Leo nimekata mti mwingine. Upande wa juu, ambapo mawe hayafiki, nimemwachia mama tawi moja na majani yake yote. Nimemwomba dereva apige honi akifika kona ya tatu. Lori limeshazama kwenye ukungu, na mimi nimesimama hapa na panga mkononi, nasikiliza.