Kaseti ya Latifa

Sauti ile iliniingia mgongoni kabla haijafika masikioni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimelala chali juu ya vigae vya sebuleni katika fleti yetu ya Al Khuwair, huku Uarabuni, saa zile za baada ya alasiri ambapo kiyoyozi kilinguruma na harufu ya udi wa Bibi ilitambaa ukumbini. Ghafla vigae vikaanza kutetemeka. Ngoma nzito ya taratibu, kama mtu mnene anayepanda ngazi bila haraka, ilitoka chumbani kwa kaka yangu Khamis, na juu yake wanaume wawili walikuwa wakipokezana mashairi, wakiyavuta maneno mpaka yakalegea. Nikanyanyuka kwenda kusikiliza naye, kama nilivyozoea. Mlango ulikuwa wazi, lakini mahali pangu palikuwa pamekaliwa. Latifa alikuwa sakafuni karibu na redio, na Khamis, aliyekuwa akinitengea mto kila siku, hakugeuza hata kichwa.

Latifa alikuwa binti wa shangazi yangu, miaka kumi na mitano, umri mmoja na Khamis. Alikuwa amewasili wiki ile kutoka Atlanta, kule kusini mwa Marekani, alikozaliwa na baba wa huko huko. Wazazi wake walikuwa wameachana, na shangazi akamleta kwetu akae mwaka mmoja. Mama alinambia nimpishe kitanda changu, nikampisha. Alinambia nimpe nusu ya kabati, nikampa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini mimi tangu alipokuja ndipo nilipoanza kuugua. Kabla yake, Khamis alikuwa wangu. Sisi wawili tulirekodi nyimbo za redioni, tukagombania kitufe, tukasameheana kabla ya magharibi. Sasa kulikuwa na kaseti moja tu iliyochezwa nyumbani, ya Latifa, na mtu mmoja tu wa kuifasiri.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kaseti yenyewe ilikuwa nzuri. Ningeipenda ningepewa nafasi. Kulikuwa na gitaa lililolia kama lina mafua, kinanda cha kanisani, sauti za wanawake waliojibu kwa mbali, na hadithi za mitaa yenye joto ambako watu hukaa nje ya nyumba zao wakitazama magari. Joto tulilijua. Siku moja Bibi alisimama mlangoni, akasikiliza na tasbihi mkononi.

"Hawa nao Wamarekani?" akauliza. "Mbona wanavuta maneno kama watu wa shamba?"

Latifa akacheka. "Ndivyo wanavyochekwa, Bibi. Watu wa miji ya kaskazini wanasema sisi wa kusini hatujui kusema. Hawa hawakubadilisha ulimi wao. Wakaimba hivyo hivyo."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu skuli nilikuwa nikichekwa mimi. Nikifungua mdomo kwa Kiarabu changu chenye lafudhi ya Kiswahili, wenzangu walikonyezana na kuniita Mzinjibari, mtu wa kuja kutoka Afrika, hata nikaacha kunyoosha mkono darasani. Kaseti ile ilikuwa ikisema na mimi, na aliyepewa alikuwa mwingine. Nikageuka, nikaenda jikoni kumsaidia Mama kukuna nazi, nikaikuna mpaka nikajikuna na vidole.

Alhamisi moja Baba alitupeleka Qurayyat, kwenye shamba la mitende la rafiki yake. Kiti cha nyuma mimi niliwekwa katikati. Khamis kulia, Latifa kushoto, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni, na waya wa kicheza-kaseti ukapita juu ya mapaja yangu njia nzima. Walitikisa vichwa kwa pamoja. Walicheka kwa pamoja. Nilikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote duniani na sikusikia chochote isipokuwa mchakacho mdogo, kama mchwa ndani ya mlango.

Tulipofika, Khamis aliitoa kaseti, akaisukuma chini ya kiti, penye kivuli. Tukatandika mkeka chini ya mitende. Mara Mama akagundua kwamba chupa ya kahawa imesahauliwa garini, akanituma mimi. Nilifungua mlango, hewa ya moto ikanipiga usoni. Nikachukua chupa. Kisha nikainama, nikaitoa kaseti chini ya kiti, nikaiweka juu ya dashibodi, pale jua lilipokuwa likipiga kioo. Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi nilikuwa nazo nyingi, na zote nilizihesabu nikirudi mkekani.

Tuliporudi garini alasiri, kaseti ilikuwa imepinda kama kipande cha papai kilichokauka. Latifa aliishika kwa ncha za vidole. Hakupiga kelele.

"Baba yangu alinipa uwanja wa ndege," alisema. "Tulikuwa tukiisikiliza akinipeleka skuli."

"Wallahi niliiweka chini ya kiti," Khamis alisema.

"Mwongo."

Angemshuku nani mwingine? Njia nzima hawakusemezana, na mimi nimekaa katikati yao. Nilidhani Khamis atarudi kwangu. Hakurudi. Alijifungia na vitabu vyake, na Latifa akalala ameelekea ukutani, kwenye kitanda changu, kila siku baada ya chakula cha mchana, mwili umejikunja. Nyumba ikawa kimya kiasi cha kusikia friji.

Siku ya nne nilimwendea Bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele.

"Mimi si kadhi wenu," alisema. "Uliyemvunjia yuko chumbani. Nenda kabla ulimi haujaganda."

Nilimwambia Latifa nikiwa nimesimama. Akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu Khamis alikuwa ananisikiliza mimi."

Alinitazama kama ndiyo kwanza anaiona sura yangu. "Una Baba hapa. Una Mama, una Bibi, una kaka. Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu, Zuwena." Kisha akasema, "Mwambie na yeye. Sitakusemea."

Nikamwambia jioni ile ile. Khamis hakuninunia kwa saa wala siku. Aliniadhibu kwa wiki tatu nzima, na nilistahiki. Latifa ndiye aliyelegea kwanza, si kwa huruma, nadhani, bali kwa woga. Aligundua kuwa anaanza kuyasahau maneno. Akaniweka chini, akaanza kuniimbia kaseti yote kutoka kichwani, wimbo hadi wimbo, nami nikiandika kwenye daftari la hesabu kwa herufi nilizoweza, Kiingereza kwa tahajia ya Kiswahili. Kila neno gumu alinieleza. Nikahifadhi upande wa kwanza, kisha wa pili, kama nilivyohifadhi juzuu za Kurani chuoni. Mwezi wa kumi nilinyoosha mkono darasani nikasoma kwa Kiarabu changu kile kile cha nyumbani. Walicheka. Nikasoma mpaka mwisho.

Sasa albamu ile iko kwenye simu ya kila mtu. Ninaweza kuisikiliza nikisubiri taa za barabarani, safi, bila mchakacho, na mara nyingi siisikilizi. Zamani kitu kilichoharibika kiliharibika. Ulibaki na kile tu ulichokiweka kifuani. Latifa hakurudi Atlanta. Ni mke wa Khamis, wana watoto watatu, na mimi huwaendea kila Ijumaa, nikawakuta na mzaha wao wa siri, wakitazamana kabla ya kunitazama mimi.

Idi iliyopita Latifa alianza kuimba ubeti mmoja mbele ya wanawe, akakwama katikati. Akamtazama Khamis. Khamis akakuna kichwa. Nikaumalizia mimi, mistari yote minane, kwa lafudhi ya kusini, bila kupotea. Khamis alipiga makofi, akasema, "Huyu ndiye dada yangu!" Nikamtazama Latifa. Alikuwa akitabasamu, lakini mdomo tu. Na machoni pake, kwa muda mfupi sana, nikakiona kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote.

Nikaona raha. Mungu anisamehe, niliona raha mpaka kesho yake.